Kabla ya Kulaumu Simu, Mpime Mtoto Macho

Najua nimekuwa kimya wiki tatu nzima. Kazi ilinizidi, na siku mbili stima ilipotea mtaani, basi nikasalimu amri. Leo siandiki kuhusu lugha za programu wala simu mpya. Naandika kuhusu macho ya watoto. Mliokuja kutafuta mambo ya tarakilishi vumilieni, yako huko mbele.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa dada yangu mkubwa. Ana binti wa miaka 8, yuko Gredi ya 3. Huyu mtoto akitazama runinga huisogelea mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Siku hiyo tulisimama nje ya lango, nikamwambia anisomee maandishi ya matatu iliyokuwa imeegeshwa ng'ambo ya barabara. Akakunja macho, kisha akaniuliza, "Mjomba, maandishi gani?"

Nilimwambia dada ampeleke akapimwe. Jibu lake: "Ni hiyo simu uliyomletea Krismasi. Nishaificha." Na miwani je? "Nimvishe mtoto mdogo miwani? Macho yatazoea, yaharibike kabisa." Mama naye akaongezea lake, eti msichana mwenye miwani watu watamchekaje.

Jambo hili linaniuma kwa sababu nililipitia. Shule ya msingi nilisoma kwa masikio. Sikuona ubao, nikawa nanakili kwa jirani, na mwalimu wa hesabu akaniita mzembe mbele ya darasa. Nilipimwa nikiwa kidato cha kwanza, nikapewa miwani ya -4. Nilipoivaa bwaloni niligundua kwamba saa ya ukutani ilikuwa imekufa siku nyingi. Mimi nilidhani wenzangu wote huitazama kujua wakati.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Mtoto huzaliwa na jicho lenye urefu wa milimita 17 hivi, na la mtu mzima hufikia karibu milimita 24. Kwa mtoto asiyeona mbali, mara nyingi jicho limerefuka kupita kiasi, kwa hiyo picha inatua mbele ya retina badala ya kutua juu yake. Milimita moja tu ya ziada huleta kasoro ya dayopta 2.5 hivi. Ukitaka kujua mtoto anaona vizuri mpaka wapi bila miwani, gawanya mita 1 kwa nambari ya miwani yake. Mwenye -2 anaishia sentimita 50. Mimi na -4 yangu niliishia sentimita 25. Ubao ulikuwa mita nne kutoka kwenye dawati langu.

Na jicho likisharefuka halirudi. Miwani hurekebisha picha, haifupishi jicho. Tatizo likianza mapema, jicho lina miaka mingi ya kuendelea kurefuka, na likifika -6 na kuendelea hatari ya retina kubanduka, ya glakoma na ya kuharibika kwa kitovu cha retina ukubwani huwa kubwa zaidi. Ndiyo maana "tungoje akue kwanza" ni ushauri mbaya.

Haya, twende kwenye mashtaka ya dada yangu.

La kwanza, kwamba miwani huharibu macho. Kuna utafiti wa Malaysia uliochapishwa mwaka 2002 ambapo baadhi ya watoto walipewa makusudi miwani yenye nguvu pungufu, kwa matumaini kwamba macho yao yangepunguza mwendo. Matokeo yalikuwa kinyume: macho yao yaliharibika kwa kasi kuliko ya wenzao waliopewa miwani kamili. Kwa hiyo mpe mtoto nambari aliyopimiwa.

La pili, simu. Hapa dada ana haki nusu. Kutazama kitu kwa karibu saa nyingi kunachangia, lakini hata kitabu kilichoshikwa sentimita 20 kutoka usoni kina lawama hiyo hiyo. Kinachosahaulika ni mwanga wa nje. Darasani mwanga ni laksi mia chache tu, nje mchana ni zaidi ya laksi 10,000. Inaaminika kwamba mwanga huo mkali huifanya retina itoe dopamini, ambayo huzuia jicho lisirefuke ovyo. Huko Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya shule. Kwa matokeo yaliyochapishwa 2015, baada ya miaka mitatu asilimia 30.4 yao walikuwa wamepata tatizo hili, dhidi ya asilimia 39.5 ya wasioongezewa. Taiwan nayo tangu 2010 inahimiza shule ziwatoe watoto nje dakika 120 kwa siku.

Kuficha simu kisha kumfungia mtoto ndani na vitabu vya mazoezi, basi, hujafanya kitu. Na sisi wa mijini tunaelekea huko. Mtoto anapanda basi la shule kukiwa giza, anarudi jioni, Jumamosi ana masomo ya ziada, na uwanja wa kuchezea ploti yetu umegeuzwa maegesho ya magari. Katika miji ya Asia ya Mashariki, asilimia 80 au zaidi ya vijana wanaomaliza shule hawaoni mbali. Hatujafika huko, na sioni sababu ya kuifuata njia hiyo.

Sasa wapenzi wa teknolojia, zamu yenu. Hapa hapa Kenya, kaunti ya Trans Nzoia, ulifanyika utafiti katika shule 50 zenye watoto zaidi ya 20,000, matokeo yakachapishwa 2018. Nusu ya shule, walimu walipima kwa chati ya kawaida na kuandika barua kwa wazazi. Nusu nyingine walitumia mfumo wa Peek: mwalimu anapima kwa simu, mzazi anapewa picha iliyochapishwa inayoonyesha jinsi mtoto wake anavyoona, halafu anakumbushwa kwa ujumbe wa simu. Kati ya watoto waliokutwa na shida, waliofika hospitali upande wa barua walikuwa asilimia 22. Upande wa Peek, 54.

Kwa maoni yangu hapo ndipo somo lilipo. Chati ya karatasi nayo hugundua mtoto mwenye shida. Lakini barua peke yake hukunjwa ikawekwa chini ya redio. Mzazi anahitaji kuona kwa macho yake, kisha kukumbushwa.

Basi usiku ule niliandika programu fupi ya Python, mistari kama ishirini, ya kutia ukungu kwenye picha. Nikachukua picha ya ubao wenye hesabu za kugawanya, nikaufifisha kwa kukadiria, nikamtumia dada kwenye WhatsApp: "Hivi ndivyo mwanao anavyosoma." Alama mbili zikageuka buluu. Kimya. Asubuhi akapiga simu: "Hiyo kliniki inafungua saa ngapi?"

Alikutwa na -2.50 macho yote mawili. Mama bado analalamika.

Ushauri wangu ni huu. Mpime mtoto kabla hajaanza shule, kisha kila mwaka. Akiandikiwa miwani, aivae. Atoke nje saa mbili kwa siku, hasa kabla tatizo halijaanza, maana hapo ndipo ushahidi una nguvu zaidi. Usipoteze pesa kwa miwani ya kuchuja mwanga wa buluu, haizuii jicho kurefuka. Nambari ikipanda kila mwaka, muulize daktari wa macho kuhusu matone ya atropini ya nguvu ndogo au lenzi maalumu za watoto. Zinapunguza kasi, ingawa bei si ya kila mfuko.

Na nyinyi waandishi wenzangu wa programu: kabla ya kutengeneza mchezo mwingine wa kumbakiza mtoto ndani, iulizeni shule ya jirani kama inahitaji msaada wa kutuma jumbe kwa wazazi.

Je, wako amepimwa? Niambie hapo chini. Tutaonana wiki ijayo, stima ikikubali.