Mnalilia Cheo, Mgonjwa Hamkumlilia

Jumapili iliyopita, hapa kwetu Niemba, mchungaji alihubiri juu ya Nebukadneza, mfalme aliyetolewa kitini akala majani kama ng'ombe. Mahubiri yalikwenda vizuri mpaka alipomtafuta Nebukadneza wa siku hizi, naye akampata nyumbani kwetu. Alisema kuna kijana wa hapa hapa ambaye wazazi wake waliuza mbuzi na mahindi ili akasome udaktari Lubumbashi. Akasoma miaka saba, akapata diplomu, akawa munganga kamili, na leo huko Kanada amekuwa msaidizi wa munganga. Akatusimamisha wote tumwombee, Mungu amrudishie kiti chake.

Kina mama wakalia. Dada yangu, aliyemzaa kijana huyo, alijifunika kitenge usoni. Tangu mwanawe amalize masomo watu wanamwita Mama Docta, na siku hiyo watu hao hao walikuwa wakimpiga mgongoni kama wanavyomfanyia mfiwa.

Mimi sikusimama. Kanisani hakuna nafasi ya kumjibu mhubiri, kwa hiyo namjibu hapa.

Imani hii si ya mchungaji peke yake. Iko kila nyumba, kuanzia hapa mpaka Kalemie na mbali zaidi: mtu aliyesomea udaktari akikubali kuwa msaidizi, ameanguka. Wanasema masomo yamepotea, mbuzi wameliwa bure, ukoo umeaibika. Afadhali angekaa bila kazi na jina lake. Nimeyasikia haya hata kwa watu waliosoma, na kila nikiyasikia damu inanichemka.

Hebu tutazame kazi yenyewe. Mpwa wangu yuko Winnipeg, mkoa wa Manitoba, mkoa ambao kwa miaka mingi umewafungulia madaktari waliosomea nje ya Kanada mlango wa kufanya kazi chini ya daktari mwenye leseni. Asubuhi anapita vitanda. Anamuuliza mgonjwa maumivu yalianza lini, anampapasa tumbo, anasikiliza mapafu, anaagiza vipimo, anaandika dawa. Kukiwa na upasuaji anavaa, anashika vyombo. Jioni anamweleza daktari msimamizi alichokiona na alichokifanya. Sasa aniambie mtu: katika hayo yote, ni lipi la kula majani?

Ninaye wa kumfananisha naye. Mwaka 2017, wakati wa vita vya Watwa na Waluba, watu wa vijiji vya njia ya Nyunzu walikuwa wamekimbia, na gari la kwenda Kalemie halikupatikana kwa bei yoyote. Usiku wa manane mke wangu alijifungua kituo cha afya, mtoto akatoka salama, kondo la nyuma likakwama. Mkunga alikuwa amekimbia na watoto wake. Mwuguzi alikuwa peke yake, akaniita ndani nimshikie simu, kwa kuwa tochi ya simu yangu ndiyo taa iliyokuwepo.

Glovu ndefu hakuwa nazo. Alichukua glovu za kawaida, akakata vidole vya moja kwa makasi, akaivuta mpaka karibu na kiwiko ikawa kama mkono wa shati, kisha akavaa nyingine nzima na kuifunika ile ya kwanza kwenye kifundo. Akamwambia mke wangu, "Mama, utanichukia kidogo sasa hivi." Akaingiza mkono. Mimi niliona damu inavyoshuka kwenye turubai, nikaona uso wa mke wangu unavyobadilika rangi, na nilimwona yule mtu amefumba macho kwa sababu kazi hiyo inafanywa kwa vidole. Kondo likatoka. Akachoma sindano ya kukaza mji wa mimba, akakaa chini sakafuni, akaendelea kulisugua tumbo kwa mkono mmoja mpaka majogoo wakawika. Mke wangu yu hai. Mtoto anasoma shule ya msingi.

Yule mwuguzi hakusoma miaka saba Lubumbashi. Kwenye karatasi ni mtu wa chini kabisa, na hata mshahara wa serikali haumfikii kwa sababu jina lake halijaingia kwenye orodha ya malipo huko Kinshasa. Sisi tunamwita Docta. Nani alikuwepo usiku ule? Hilo ndilo swali langu, sina jingine, na nitalirudia mpaka wachoke: nani alikuwepo?

Miaka miwili kabla ya hapo, hospitali moja kubwa ya mjini ilimzuia mama yangu wiki mbili baada ya kupona, kwa kuwa hatujamaliza kulipa. Daktari wa wodi ile alikuwa na jina lake mlangoni kwa herufi za rangi ya dhahabu. Tulimwona mara moja, tena akipita. Hakuna mchungaji aliyetusimamisha tumwombee huyo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sisi Wakongomani, kuliko watu wengine wote, tungepaswa kuliheshimu neno msaidizi. Mwaka 1936 Wabelgiji walianza kufundisha wasaidizi wa waganga kule Léopoldville. Vijana hao walisoma miaka mingi, wakazalisha, wakapasua, wakazunguka vijijini kupima malale na ukoma. Lakini jina la daktari walinyimwa, na mshahara wa daktari wakanyimwa. Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, nchi hii yote ilikuwa haijahitimisha daktari mwenyeji hata mmoja katika vyuo vyake vikuu. Wa kwanza walitoka Lovanium mwaka 1961. Siku chache baada ya sherehe, jeshi likaasi na madaktari wa Kibelgiji wakaondoka kwa mamia. Nani alikuwepo? Wasaidizi. Ndio walioshika hospitali, wakati mwingine peke yao kwa eneo zima. Baadaye Shirika la Afya Duniani likapeleka makumi yao Ufaransa wakamalizie udaktari, na waliporudi hawakuanza kujifunza kutibu. Kutibu walikuwa wanajua.

Dunia inaijua Niemba kwa jambo moja tu la mwaka ule wa 1960: askari tisa wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliouawa kufuatia shambulio la tarehe 8 Novemba kwenye daraja la mto Luweyeye. Sina neno na wanaowakumbuka, wana haki yao. Lakini mwezi ule ule watu wa kwetu nao walikuwa wakizaa, wakiharisha, wakipigwa mishale, na waliowafunga vidonda hawana mnara popote.

Basi Mbelgiji alilitumia neno msaidizi kama fimbo ya kumweka Mwafrika chini. Mbelgiji ameondoka, fimbo tumeiokota sisi, tunajipiga nayo kanisani.

Mjomba mmoja tuliyetoka naye ibadani aliniambia, "Sawa, lakini akirudi likizo watu watamwitaje?" Hiyo ndiyo hoja yao, nzima, haina mkia wala kichwa. Watamwitaje! Kama mtu amerudi kumsalimu mama yake, ataitwa jina alilopewa na babake. Mjomba huyu huyu mwaka jana alikataa kadi ya harusi kwa sababu iliandikwa jina lake bila neno "Ingénieur" mbele. Huo ndio ugonjwa wetu. Harusi inachelewa saa nzima watu wanapangwa viti vya mbele kwa vyeo, maiti anasomewa diplomu zake kaburini, na wakubwa hao hao wakiumwa kichwa wanapanda ndege kwenda Afrika Kusini au India, wakatibiwe na watu ambao hawawaulizi wanaitwaje. Treni yetu inapita ikijisikia, barabara ya Kalemie mvua ikinyesha ni matope matupu, lakini kila mtu ana cheo.

Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, kwa miaka mingi walikuwa na cheo cha daktari msaidizi na hawakuona haya. Alikuwa mtu aliyeanza kama tabibu, akafanya kazi, akarudi shuleni, akafundishwa kupasua. Wanawake wengi wa wilaya za Tanzania waliojifungua kwa kisu walipasuliwa na hao. Msumbiji nao waliwafundisha wasaidizi wa upasuaji baada ya vita na Mreno, madaktari walipokuwa wameondoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba katika hospitali za wilaya, upasuaji mkubwa wa uzazi zaidi ya tisa kati ya kumi ulifanywa na wasaidizi hao. Tena walipofuatiliwa baada ya miaka saba, karibu wote walikuwa bado wilayani, na madaktari waliopangwa huko walikuwa wamekwisha kuondoka. Sina haja ya takwimu nyingine. Nani alikuwepo?

Hata huko Marekani kazi hii haikuzaliwa na walioshindwa. Dr. Eugene Stead wa Chuo Kikuu cha Duke aliianzisha mwaka 1965, akachukua vijana waliokuwa wametibu majeruhi katika jeshi la majini, kwa sababu aliona wanajua kazi na hakuna anayewapa nafasi.

Kama mchungaji anatafuta dhambi, ipo, na ninamwonyesha ilipo. Mwaka 2010 tume ya haki za binadamu ya Québec ilitangaza kwamba madaktari waliosomea nje ya Kanada na Marekani wanabaguliwa wanapoomba nafasi za mafunzo hospitalini, hali nafasi nyingine zilibaki wazi. Mpwa wangu aliupiga mlango wa namna hiyo miaka minne. Alikuwa akiwaosha wazee usiku, asubuhi anasoma vitabu alivyokwisha kuvisoma Lubumbashi. Mlango wa daktari ulipokataa kufunguka akaingia kwa mlango wa msaidizi, na tangu hapo mikono yake iko juu ya wagonjwa tena. Aliponipigia simu siku ya kwanza ya kazi sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka gerezani.

Na ninalo neno kwa wale waliolia Jumapili. Alipoondoka Kongo, akiwa daktari peke yake katika hospitali ya wilaya isiyo na oksijeni, hamkulia. Mlimfanyia karamu. Mlipika bukari na samaki, mkacheza mpaka asubuhi, kwa sababu docta wetu anakwenda Ulaya, ingawa alikuwa anakwenda Kanada. Wagonjwa aliowaacha kule hamkuwauliza. Leo amepata wagonjwa wengine na mnalia, kwa sababu ya neno moja kwenye kitambulisho chake.

Baada ya ibada ile nilimsindikiza dada yangu nyumbani. Njiani tulipita mbele ya kituo cha afya. Mwuguzi wetu hakuwa kanisani siku hiyo. Alikuwa barazani, shati limelowa jasho, ameinua chupa ya dripu kwa mkono kwa sababu stendi imevunjika, na chini yake, kwenye mapaja ya bibi yake, amelala mtoto wa Kitwa mwenye degedege la malaria. Dada yangu akafungua kitenge chake, akapasua ukanda, akaifunga ile chupa kwenye boriti ya paa ili yule mtu apumzishe mkono.