Birika Moja, Kazi Mbili

Kutoka Ukerewe na Ukara hadi Irugwa na Kome, siku ya mkazi wa visiwani huanza kwa chai. Mvuvi arudiye alfajiri huipokea kabla ya kuanika dagaa wake, na mwanafunzi huinywa kabla ya kwenda shule. Jambo lisilozungumzwa ni kwamba, kwa kaya zinazochota maji ziwani, mara nyingi kikombe hicho ndicho maji pekee yaliyochemshwa yatakayonywewa kutwa. Mchana, kiu ikizidi, kata huchovywa mtungini, na maji mabichi huweza kuleta kipindupindu na homa ya matumbo.

Ukiuliza, utajibiwa kwamba kuni na mkaa ni ghali. Hoja hiyo ni ya kweli, wala haifai kubezwa. Lakini sehemu ya moto huo hupotea katika chai yenyewe. Desturi ya wengi ni kutia maji, majani na sukari katika sufuria moja na kuvitokosa mpaka chai iwe nyeusi. Moto huo wa ziada hauongezi ladha. Huongeza ukakasi tu.

Yafaa tuwatazame Wachina wa jimbo la Yunnan na chai yao iitwayo pu erh. Ile iliyo mbichi hutengenezwa kwa kukaanga majani kidogo, kuyasokota na kuyaanika juani. Kisha hulainishwa kwa mvuke na kushindiliwa kuwa mkate wa mviringo, ambao kwa desturi una uzito wa gramu 357. Mkate huo huweza kuhifadhiwa miaka mingi, mahali pasipo unyevu mwingi wala harufu. Mnywaji hubandua kipande, hukisuuza kwa maji ya moto na kuyamwaga, kisha humimina maji yaliyochemka, akachuja baada ya sekunde 10 au 15. Majani yale yale hurudiwa mara kadhaa. Kwa kawaida jani halikai jikoni. Kinachokaa jikoni ni maji.

Chai yetu ya Rungwe, Mufindi na Kagera hutoka katika mmea huo huo. Tena sehemu kubwa hukatwakatwa kwa mashine kuwa punje ndogo, zinazotoa rangi upesi. Basi hakuna sababu ya kuitokosa.

Tunashauri hivi. Birika lijazwe maji matupu na yachemke kwa nguvu dakika nzima. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Joto hilo latosha kuua vijidudu na kutoa chai nzuri. Sehemu kubwa ya maji imiminwe katika chombo safi chenye kifuniko: hayo ni ya kunywa mchana. Birika liepuliwe, yaliyobaki yatiwe kijiko kidogo cha majani kwa kila kikombe, lifunikwe dakika 4, kisha chai ichujwe. Atakaye maziwa ayachemshe peke yake. Moto uliokuwa ukitokosa majani sasa utakuwa umechemsha maji ya kunywa.

Kwa viongozi tuna neno. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi vijijini kusikiliza redio, kujadiliana na kisha kutenda. Moyo huo haukuwa wa enzi moja tu. Maofisa wa afya na watendaji wa vijiji waende mialoni na majumbani, wakiwa na birika mkononi, waonyeshe kwa vitendo. Hotuba peke yake haichemshi maji.

Hata hivyo, birika lisigeuzwe kisingizio. Jiji la Mwanza limejengewa mtambo wa maji wa Butimba. Mkazi wa kisiwani, aliyezungukwa na ziwa hilo hilo, naye anastahili maji safi na salama. Serikali na halmashauri zisione kwamba wananchi wakichemsha maji yao, wajibu wao umekwisha. Mwananchi atimize wake jikoni leo. Kiongozi atimize wake kwa bomba linalofika kisiwani. Kinga ni bora kuliko tiba.