Mashine ya petroli au ya betri? Muulizeni anayeishika!

Najua nimeadimika hapa kijiweni, wiki mbili kimya, lakini mwanachuo mwenzangu unaelewa: testi juu ya testi, na bumu lilikuwa bado halijasoma kwenye akaunti. Sasa limesoma. Na limetuletea ugomvi chumbani.

Ugomvi wenyewe ni huu. Mimi na rumeti wangu tumekubaliana kuchanga hela tununue mashine ya kukatia majani. Hapa Morogoro masika yakishaanza majani hayamsubiri mtu. Ukifyeka Jumamosi hii, Jumamosi ijayo yanakuchungulia tena. Mtaa wa nyuma ya hosteli karibu kila nyumba ina uwanja, wenye nyumba wanashinda kazini, na vijana wa kufyeka kwa kwanja hawatoshi. Kwa hiyo biashara ipo, hapo hatubishani. Tunabishana aina ya mashine. Yeye anataka ya petroli, mimi nataka ya betri. Mpaka juzi tulikuwa tunabishana kwa amani huku tunakula chipsi. Juzi hiyo tukanuniana.

Kabla sijamwaga hoja zangu niwape kisa kimoja, maana bila hicho mtasema nashabikia betri kwa sababu ni ya kisasa.

Kuna mzee anakata majani karibu na madarasa yetu. Mwaka wa kwanza nilikuwa nampita kila asubuhi kabla hajaanza kazi, namwamkia: "Shikamoo mzee." Kimya. Kesho yake tena, kimya. Jamani, mnajua shikamoo isiyoitikiwa inavyouma! Nikaamua moyoni kwamba huyu mzee ana maringo, nikaacha kumwamkia. Semista nzima nikawa nampita kama napita nguzo ya umeme.

Mwaka wa pili siku moja mvua ikatukamata, tukajibanza wote kwenye kibaraza kimoja. Nikamwamkia kwa kujilazimisha tu. Akaniangalia mdomoni, akasema: "Sema kwa nguvu mwanangu, haya masikio yamebaki mapambo." Nikarudia kwa kupaza sauti. "Marahaba! Marahaba baba!" Aliitikia kwa furaha utadhani nimempa zawadi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee wa watu hakuwa na maringo, alikuwa HASIKII. Akaniambia ameishika mashine ya petroli miaka kumi na moja. Mzabuni aliyemwajiri hajawahi kumpa kifaa cha kuziba masikio, anajichomekea pamba. Na usiku akilala, kichwani kuna nyenje wanalia mpaka asubuhi, nyenje ambao mke wake hawasikii.

Sasa turudi kwenye mada. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri kwamba mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1 basi. Mashine nyingi za petroli, ukipima sikioni kwa aliyeishika, zinapita 90. Mzee anaanza saa moja na nusu asubuhi anapumzika saa sita mchana, siku tano za wiki. Hesabu hiyo haihitaji kikokotoo.

Haya, sasa nizichukue hoja za rumeti moja moja, maana ni mtu mwenye akili na sitaki nimshinde kwa kumwonea.

Kwanza anasema petroli ina nguvu. Kweli kabisa! Lita moja ya petroli ina nishati inayokaribia yuniti 9 za umeme. Betri ya volti 36 yenye amp-saa 4 ina wati-saa 144, yaani haifiki hata robo ya yuniti moja. Nyasi zikifika kiunoni na zimelowa, betri itakata pumzi mapema, na wewe utabaki umesimama katikati ya shamba la mtu unaona aibu. Nakubali. Lakini wateja wetu ni akina nani? Ni viwanja vya ukoka, pembeni ya ukuta, kuzunguka maua na ngazi za mlangoni. Hiyo si kazi ya kufyeka pori. Betri mbili, moja inakata nyingine inapumzika, zinamaliza uwanja wa namna hiyo. Na tukikuta pori, kwanja lipo. Kwanja halijawahi kuishiwa chaji tangu babu yangu azaliwe.

Halafu nishati nyingi kwenye lita haina maana nyingi kwenye uzi unaokata. Mashine hizi nyingi ni tu-stroki. Mchanganyiko mpya wa hewa na petroli ndio unaosukuma moshi wa zamani utoke, na kuna kipindi kifupi tundu la kuingilia na la kutokea yote yako wazi. Kwa hiyo petroli nyingine inatoroka nje mbichi, haijaungua. Ndiyo ile harufu inayobaki kwenye shati hata ukilifua. Yaani unanunua petroli halafu unaipulizia maua ya mteja, na pua yako ikiwa njiani!

Pili anasema umeme wetu hauaminiki. Hapa ana haki ya kusema, mwishoni mwa 2023 sote tulikaa kwenye mgawo na tunakumbuka joto lake. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji liliwasha mtambo wa kwanza mwaka 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ikakamilika, megawati 2,115. Umeme bado unakatika, sikatai, hasa mvua ikipiga. Ila nimemuuliza rumeti swali moja hajanijibu mpaka leo: simu yako unaichajije? Betri ya mashine nayo inachajiwa usiku kwa kazi ya kesho. Na yuniti moja ya Luku inaijaza betri kama hiyo mara tano na zaidi. Yeye kwa upande wake ataamka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi kusikiliza EWURA wametangaza bei gani, halafu atafute kidumu, atafute oili, apime mililita 20 za oili kwa kila lita kama kitabu cha mashine kinasema 50 kwa 1. Siku akisahau oili, pistoni inakamata, na bumu letu lote limekwenda na maji.

Tatu anasema bei na fundi. Hapa ananibana, sitawadanganya. Ya betri ukiinunua pamoja na betri mbili na chaja yake, unatoa hela nyingi siku ya kwanza kuliko ya petroli ya kawaida. Na ya petroli ikiharibika, fundi wa pikipiki chini ya mwembe anaifungua kabureta, anaipuliza, inawaka. Betri ikifa imekufa, na betri ya kampuni hii haiingii kwenye mashine ya kampuni ile. Ukiiacha juani Morogoro hii mchana kutwa unaiua mapema zaidi. Kwa hiyo ni lazima mtu uwe na nidhamu. Lakini ile tofauti ya bei siku ya kwanza ndiyo inayotupumbaza wote! Petroli inakudai kidogo kidogo kila wiki, plagi leo, oili kesho, huku unaona umenunua rahisi. Mimi nasoma uhasibu, na kama nimeambulia kitu chuoni hapa ni kwamba gharama usiyoiandika haijafutika, imemwendea mtu mwingine.

Nne ndiyo iliyonichekesha. Anasema mashine isiyopiga kelele, mteja ataona hufanyi kazi. Eti mlio ndio tangazo! Ndugu zangu, tumefika huko? Kwamba kazi ya mwanaume ipimwe kwa kelele? Nakumbuka testi ya asubuhi wiki iliyopita, mashine inanguruma nje ya dirisha, msimamizi anasoma masahihisho ya swali la tatu na sisi wa nyuma tunasoma midomo yake. Siku hiyo rumeti alilalamika kuliko mtu yeyote ukumbini. Leo anataka tuuze kelele ile ile kwa majirani wenye watoto wachanga.

Sasa nifike pale tulipogombana kweli.

Juzi nilimuuliza: sawa, tununue ya petroli, wewe utaishika siku zipi na mimi siku zipi? Akacheka. "Kaka, sisi tutashikaje? Tuna vipindi. Tutatafuta kijana wa mtaani, tunamlipa kwa siku, sisi tunakusanya hela." Akasema hivyo bila ubaya wowote, huku anapaka mafuta.

Nikanyamaza. Nikamwona mzee wa kibarazani. Na nyie nawauliza, mzabuni wake naye si alianza hivi hivi? Nadhani alikaa mahali akapiga hesabu kama tunavyopiga sisi, akaangalia bei ya dukani, akachagua, halafu akamkabidhi mtu mwingine mashine, na mtu huyo akalipa kile ambacho hakikuwa kwenye risiti. Wala si lazima awe na roho mbaya. Ni kwamba masikio hayakuwa yake.

Na sisi wawili ndani ya chumba kidogo cha hosteli, na bumu letu la mkopo, tumeshakuwa wazabuni tayari!

Rafiki yetu wa mazingira alinitajia kwamba California walipitisha sheria mwaka 2021 ya kusitisha uuzaji wa mashine mpya za injini ndogo za namna hii. Vizuri, ila mimi sihitaji California initoe Morogoro. Nina shikamoo niliyoinyima mtu semista nzima, inanitosha.

Kwa hiyo msimamo wangu huu hapa, na rumeti atausoma humu kwa sababu hatuongei. Nusu yangu ya hela ipo. Naitoa kwa ya betri, betri mbili, kwanja moja la pembeni, na miwani ya kukinga mawe, maana uzi wa nailoni ukirusha kokoto haubagui. Na vifaa vya masikio tununue pia, kwa sababu hata ya betri si bubu.

Kama bado anataka petroli, sawa, nitatoa nusu yangu vile vile. Lakini kwa sharti moja: mwezi wa kwanza wote tunaishika SISI, mimi siku tatu yeye siku tatu, asubuhi mpaka saa sita. Mwezi ukiisha, akija chumbani nikamwamkia kwa sauti ya kawaida akaniitikia, nitamwomba radhi mbele yenu.

Nawakilisha.