KIBARUA HAWEZI KUSEMA HAPANA



Kila asubuhi katika kiwanja cha ndege cha Wilson, Nairobi, ndege ndogo huruka kwenda Mara, Lamu, Lodwar na kwingineko. Kiwanja hiki zamani kiliitwa Nairobi West. Mwaka 1962 kilipewa jina la Bibi Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege mwaka 1929. Hapo ndipo huondokea madaktari wa ndege, ambao kazi yao ilianza mwaka 1957, kwenda kuchukua wagonjwa walio mbali na hospitali.

Watu wakihesabu mali ya kiwanja husema: njia mbili za kurukia, mabanda ya ndege, matangi ya mafuta, mnara. Sisi twasema hesabu hiyo ina upungufu. Hawajamhesabu mfanya kazi.

Fikirini habari ya uzito. Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na joto la adhuhuri huizidisha wepesi. Ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Mzigo usioisumbua ndege Mombasa, Nairobi waweza kuiangusha. Ni nani ajuaye kwamba mfuko una kilo zaidi ya zilizoandikwa? Ni yule aliyeuinua kwa mikono yake.

Fikirini tena mafuta. Ndege nyingi ndogo hunywa petroli yake maalum. Zile za injini za tabaini hunywa mafuta ya jamii ya mafuta ya taa. Ukiitilia ndege ya petroli mafuta ya tabaini, injini yaweza kuzima angani. Anayezuia hatari hiyo ni mtu mwenye mpira wa mafuta mkononi.

Sasa twauliza: mtu huyu akiambiwa, "Fanya upesi, tumechelewa," atajibu nini? Mwenye kazi ya kudumu aweza kusema, "Hapana, bwana, tuhakikishe kwanza." Kibarua wa kutwa ataogopa. Ajua kwamba langoni wamesimama wengine wanaotaka nafasi yake, na nyumbani watoto wangojea unga.

Tajiri husema kibarua ni rahisi. Rahisi kwa nani? Hatumtaji mtu, kila mmoja ajipime.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zisizopungua mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yakataza kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika juu ya hatari. Sheria hizo ni njema, lakini karatasi haiendi langoni kumtetea mtu. Chama ndicho kiendacho.

Basi, ndugu, kila kibarua aandike katika daftari siku alizofanya kazi, ampelekee mjumbe wa chama. Na makanika, mpakizi, mzima moto au mfagiaji akisema hapana kwa ajili ya usalama, sote tusimame pamoja naye. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mgonjwa anayengojea ndege hajui majina yetu. Lakini maisha yake yamo mikononi mwetu, na mikono hiyo haifai kutetemeka kwa hofu ya kufukuzwa.

Umoja ni nguvu.