Moshi Hauna Mwandishi

Sisi watu wa vitabu tukianza mazungumzo ya nyuklia, haziishi dakika kumi kabla mtu hajamtaja Svetlana Alexievich. Kile kitabu chake cha Chernobyl kinawekwa mezani na mjadala unafungwa. Ati, umesoma habari za yule mke wa mzimamoto? Basi, tumemaliza.

Nimezisoma. Nimezisoma mara mbili, na mara ya pili ndiyo niliyolia zaidi. Mama yule wa Belarus, aliyepewa Nobel mwaka 2015, alikaa miaka akiwasikiliza watu ambao maisha yao yalivurugwa na kinu namba nne kilicholipuka usiku wa 26 Aprili 1986. Alichotuletea ni fasihi ya kweli, sina neno. Lakini hebu tugombane kidogo. Kitabu kile ni ushahidi juu ya dola iliyowaficha watu wake hatari waliyokuwa ndani yake. Hesabu ya umeme haimo mle, wala mwandishi hakuahidi kuiweka. Sisi ndio tuliokibebesha mzigo usio wake.

Chukua Banqiao, huko China. Agosti 1975 bwawa lile, lililojengwa kuzuia mafuriko na kuzalisha umeme, lilipasuka kwa mvua za kimbunga na maji yakala makumi ya maelfu ya watu. Nani kati yetu amewahi kulia kwa ajili ya Banqiao? Chukua Fukushima, 2011. Sote twakikumbuka kinu, ilhali watu zaidi ya 18,000 waliokufa au kupotea katika msiba ule walichukuliwa na tetemeko na tsunami, si mionzi. Kisha njoo jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani, wa kuni, mkaa, samadi na mafuta ya taa, unaua watu takriban milioni 3 kwa mwaka. Kila mwaka, jamani! Nyanya yangu alipikia kuni umri wake wote, na kile kikohozi chake tulikiita uzee. Moshi hauna king'ora wala tarehe ya kukumbukwa, na mwandishi wake mimi bado sijamsoma.

Ndiyo maana Ujerumani ilinikera. Tarehe 15 Aprili 2023 walizima vinu vyao vitatu vya mwisho, vinu vizima vinavyofanya kazi, huku mitambo ya makaa ya mawe ikiendelea kufuka. Ningekuwa raia wa kule ningeandamana.

Sasa wewe wa upande wa serikali usinikumbatie mapema. Mtambo wa nyuklia wa Kenya naupinga, tena naupinga sana, ila sababu zangu hazimo kwa Alexievich.

Mpango ulianzia Uyombo, Kilifi, kijiji cha wavuvi jirani na hori ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mwaka 2024 wenyeji waliandamana, wakakabiliana na polisi, wakakataa katakata. Wimbo ukahamia Siaya, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Mashairi ni yale yale: megawati 1,000, kazi ianze karibuni, stima ziwake 2034.

Sasa piga hesabu nami. Saa mbili usiku, kila mtu amewasha taa na runinga, nchi nzima inatumia megawati 2,400 hivi. Wahandisi wana kanuni yao, na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki linaitambua, kwamba mtambo mmoja usizidi takriban asilimia 10 ya gridi. Sababu yake ni nyepesi. Hakuna mashine isiyozima. Ikizima ghafla, zilizobaki lazima zibebe mzigo wake kwa sekunde chache, zikishindwa nazo zinaanguka moja baada ya nyingine. Tarehe 25 Agosti 2023 tulionja hayo, giza likafika mpaka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na wakubwa wakabaki kurushiana lawama. Ukiniambia vitakuwa vinu vidogo vidogo, nitakuuliza vinafanya kazi wapi, maana duniani kote vya aina hiyo vinahesabika kwa vidole.

Na muda je? Wafaransa wana vinu zaidi ya 50, nyuklia ndiyo chai yao ya asubuhi. Walianza kujenga Flamanville 3 mwaka 2007 wakisema 2012 kitawaka. Kiliungwa kwenye gridi Desemba 2024, na gharama ikatoka euro bilioni 3.3 ikapita bilioni 13. Sisi, bana, tulisimamisha mashine 365 za upepo kule Turkana, zikawa tayari 2017, zikakaa zaidi ya mwaka zikipunga hewa kwa kuwa nyaya za kuleta umeme hazijafika, na serikali ikatozwa fidia. Nyaya tu!

Wakati huo huo Olkaria inachemka. Tangu 1981 tunavuta mvuke wa ardhini, leo jotoardhi inatupa karibu nusu ya umeme wetu, haingoji mvua wala jua, na Bonde la Ufa linakadiriwa kuwa na akiba mara kadhaa ya tulichokwisha kuchimba. Sisemi ni kazi safi isiyo na kilio. Wamaasai walihamishwa pale, na malalamiko yao yalifika Benki ya Dunia. Ila kisima cha mvuke unakichimba leo, kesho unaongeza kingine, pesa zikiisha unasimama. Kinu cha nyuklia kilichofika nusu hakikupi hata taa moja, na riba inatembea.

Kwa hiyo, wenzangu wa vitabu, mkutano ukiitishwa Siaya msiende na Chernobyl mkononi. Afisa atawatolea takwimu za usalama, na kwa jambo hilo atakuwa na hoja kuliko ninyi, kisha mvuvi wa omena aliyeketi nyuma ataonekana mshamba mwenye hofu. Muulizeni haya mawili, mwache ajibu mbele ya watu. Megawati 1,000 zikikatika saa mbili usiku, nini kitashika mzigo? Na mkopo, tutaanza kuulipa kabla ya stima au baada?