Tarumbeta Zinyamaze, Bergliot Aongee

Nimechoka na muziki wa mashujaa. Si wote, ngoja nieleze. Nimechoka na ule unaoanza kwa tarumbeta na kuisha watu wote wamesimama.

Chukua Edvard Grieg, yule Mnorwei wa Bergen. Ukitafuta kazi zake zilizotoka kwenye visa vya wafalme wa kale, cha kwanza utakachopewa ni gwaride la Sigurd Jorsalfar, muziki aliouandikia tamthilia ya Bjørnstjerne Bjørnson mwaka wa 1872. Ni mtamu, siwezi kukataa. Tarumbeta zikitulia, sello nne zinaingia pekee yake, taratibu, halafu okestra nzima inafura hadi unajipata umekaa wima kwenye matatu kama askari. Hapo ndipo tunakosana. Sigurd alikuwa mfalme aliyeenda kupigana mpaka Yerusalemu. Ndugu yake Eystein, waliyetawala pamoja, alibaki nyumbani akajenga makanisa na bandari. Katika masimulizi ya kale wawili hao wanabishana nani kafanya la maana, na Eystein anajitetea vizuri sana. Lakini tamthilia imebeba jina la nani? La mwenye upanga, bila shaka.

Sasa sikiza Bergliot. Grieg huyo huyo aliianza mwaka wa 1871, akaipangia okestra mwaka wa 1885, na shairi ni la Bjørnson pia. Einar Tambarskjelve, mkubwa wa Trøndelag, hamwogopi mfalme Harald Hardråde. Anaitwa wakutane, wapatane. Anauawa, na mwanawe Eindride anauawa. Mkewe Bergliot anafika akiwa amechelewa.

Grieg hampi wimbo. Mama anasema tu, vile mtu husema, na okestra inamfuata, inamkatiza, inanyamaza. Hakuna noti ya juu ya kumfanya apendeze. Anawaita watu walipize kisasi. Kisasi hakipatikani. Kinachobaki ni safari ya kurudi nyumbani na maiti mbili, polepole, kwa muziki wa maziko.

Najua nitakavyojibiwa. Norwei ilikuwa kwenye muungano na Uswidi, chini ya mfalme mmoja, hadi 1905, na taifa dogo lilihitaji kujikumbusha kuwa liliwahi kuwa na wafalme wake. Sawa. Lakini shujaa akishapigiwa tarumbeta hachagui nani atamtumia. Mwaka wa 1930 Ludvig Irgens-Jensen aliandika Heimferd, kazi kubwa ya kwaya na okestra, kuadhimisha miaka 900 tangu mfalme Olav afe vitani Stiklestad. Hakuna ubaya hapo. Mwaka wa 1944, nchi ikiwa mikononi mwa Wanazi, chama cha Quisling kilisimamisha mnara wake pale pale Stiklestad. Olav hakuulizwa. David Monrad Johansen naye, aliyelitungia muziki shairi la kale la Voluspå mwaka wa 1926, alijiunga na chama hicho, na vita vilipoisha akahukumiwa kwa usaliti. Simlaumu shairi. Nalaumu ile raha ya kujisikia mkubwa kwa sababu mtu mwingine alikufa vizuri.

Bergliot haiwezi kutumiwa hivyo. Jaribu kuipiga kwenye sherehe ya serikali uone.

Na sisemi haya nikiwa msafi. Juni 2024, vijana walipopigwa risasi Nairobi wakiandamana, wiki haikuisha kabla hatujawaita mashujaa. Mimi pia niliandika hilo neno, nikapata likes zangu. Kuna wazazi waliokuwa bado wanazunguka mochari wakitafuta watoto. Mwenye kutafuta mwili hana haja ya tarumbeta yangu, anataka nisogee apite. Nilipoisikia Bergliot baadaye, niliona aibu.

Visingizio vya kutoipiga vipo: inataka mwigizaji anayeweza kusema juu ya okestra bila kumezwa, inachukua kama dakika 20, na haina kipande cha kuondoka ukipiga mluzi. Vizuri. Okestra yoyote inayotaka kupiga gwaride la Sigurd na ianze na Bergliot, jioni hiyo hiyo, ikumbi huo huo, milango ikiwa imefungwa. Halafu tuone ni nani atasimama.