Faili kwanza, pumzi baadaye?

Wadau, leo siasa naziweka pembeni. Nataka tuongelee foleni ya dirisha la faili.

Mtu mzima moyo wake ukisimama, mara nyingi tatizo limeanzia kwenye moyo wenyewe. Mtoto sivyo. Moyo wake kwa kawaida ni mzima, unasimama mwishoni baada ya pumzi kushindwa au damu kutozunguka vizuri: nimonia, malaria kali, upungufu wa damu, kuharisha mpaka maji yanamwishia. Maana yake kabla ya moyo kusimama mara nyingi kuna muda, na muda huo una dalili. Kifua kinabonyea kila akivuta hewa, pua zinatanuka, ulimi unageuka bluu, anaitwa haitiki. Moyo ukishasimama, kumrudisha ni kazi ngumu hata kwenye hospitali zenye kila kitu.

Sasa mchukue mama wa Mabogini. Anatoka kule chini kwenye mashamba ya mpunga, anapanda bodaboda na mtoto mpaka Mawenzi, au anavuka mji mzima kupandisha KCMC. Sehemu ya ule muda imeishia barabarani. Akifika hospitali yoyote ile, anakutana na nani kwanza? Si daktari. Ni mlinzi wa getini, halafu karani wa faili. Kwenye hospitali moja (jina nalihifadhi) nilimsikia mama mwenye mtoto anayehema juu juu akiambiwa, "Dada, panga foleni." Aliyesema hakuwa na roho mbaya. Naamini hakuna aliyewahi kumfundisha cha kutazama.

Na hili si wazo langu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2005 kuhusu watoto wa dharura unataka hata walinzi, makarani na wasafishaji wafundishwe kutambua dalili hizo.

Najua tutaambiwa hela hakuna. Oksijeni inataka hela, sikatai, na huduma ya dharura kwetu bado changa. Idara ya Muhimbili ilifunguliwa 2010 tu. Lakini Blantyre, Malawi, si matajiri kutuzidi. Walipanga upya mapokezi ya watoto ili mahututi aonwe kwanza, na vifo vya watoto waliolazwa vikashuka kutoka asilimia 10 hadi 18 mpaka asilimia 6 hadi 8. Taarifa yao ilichapishwa 2006!

Ila haraka nayo iwe na akili. Utafiti wa 2011 kwa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, Muheza ikiwemo, ulikuta waliopewa dripu za kasi kwa homa kali na mzunguko mbovu wa damu (wa kuharisha hawakuwemo) walikufa zaidi ndani ya saa 48: karibu asilimia 10.5, dhidi ya 7.3 kwa wasiopewa. Kilichowamaliza wengi wa ziada hao ni moyo na mishipa kushindwa.

Mnaofanya kazi hospitalini, hebu tupeni ukweli: mlinzi wa getini kwenu anaruhusiwa kumpitisha mtoto bila faili?

Naomba kuwasilisha.